Mvumo wa Darasa la Sita

Wakati wa baridi mji wa Ruden huamka na moshi. Kila nyumba huwasha jiko lake la makaa ya mawe kabla hakujapambazuka, na moshi ule, ukikosa pa kwenda, hulala juu ya mapaa, hushuka mabarabarani, huingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Plamena alikuwa ameuzoea. Asubuhi alikula kipande cha banitsa, andazi la jibini, alichoachiwa mezani na mama yake, akajizungushia skafu puani, akafunga mlango na kwenda shule. Mama yake, Nedka, alikuwa amekwisha kuondoka kuwahi zamu kwenye kiwanda cha nguo. Baba yake aliendesha lori la mizigo huko Ujerumani, na nyumbani alionekana sikukuu kwa sikukuu.

Plamena alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita. Darasa hilo walimu walilitaja kwa kushusha pumzi. Walimu wawili walikuwa wamelikataa, na sasa lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Tasheva wa hisabati, mama mtu mzima, mkali, mwenye kifaa kidogo cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio lake la kushoto. Lile la kulia lilikuwa limeziba kabisa.

Mwalimu Tasheva alijua kazi yake, lakini hakujua kuzungumza na watoto bila kuwachoma. Siku moja ya vuli alirudisha karatasi za mtihani, akafika kwenye meza ya Plamena.

"Mbili," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. Mbili ndiyo alama ya kufeli. "Mama yako anainamia cherehani mpaka mgongo unapinda, wewe huku unachora maua pembeni ya karatasi. Huoni haya?"

Darasa likacheka. Plamena alihisi masikio yanawaka moto. Mwalimu alipougeukia ubao, Plamena akafunga mdomo na kuanza kuvuma kwa pua, sauti moja nyembamba, ndefu, isiyopanda wala kushuka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya mji, na aliweza kuishika sauti hiyo bila uso kutikisika. Kile kifaa cha sikioni kikaanza kulia kama mbu. Mwalimu akakigusa, akakitoa, akakirudisha. Wanafunzi wengine wakaelewa upesi. Mmoja akadakia, mwingine akafuata, na kufikia mwisho wa kipindi darasa zima lilivuma kama mzinga wa nyuki, na hapakuwa na hata mdomo mmoja uliofunguka.

Tangu siku hiyo mvumo ukawa mchezo wao.

"Nani huyo?" Mwalimu Tasheva aliuliza kila mara.

"Nani nini, mwalimu?" walimjibu. "Sisi hatusikii kitu."

Alipokosa wa kumshika, aliwaadhibu wote. Aliwanyima mapumziko, akafuta safari yao ya kwenda kuona mapango. Wavulana walipobuni hila nyingine, ya kukohoa na kujishika tumbo ili waruhusiwe kutoka, alitangaza amri: kipindi kikianza, hakuna anayetoka, aumwe asiumwe. Kadiri alivyokaza, ndivyo darasa lilivyozidi kuvuma. Plamena alijiona shujaa. Wakati wa mapumziko wasichana walimpa nafasi ya kukaa, wakamwambia, "We ni moto. Yule bibi atastaafu mwaka huu huu."

Wawili tu hawakuwa kama wengine. Wa kwanza ni Borimir, aliyekuwa na kelele zake mwenyewe. Huyu alibembea na kiti, alipiga miluzi, alijibu asipoulizwa. Kila balaa likitokea, walimu waliita jina lake kabla ya kugeuza shingo. Wa pili ni Svilen, aliyeketi upande wa pili wa njia ya katikati ya meza, mkabala na meza ya Plamena. Svilen alikuwa na pumu. Hakuwahi kuvuma hata siku moja, kwa kuwa mapafu yake hayakumwachia pumzi ya kuchezea. Alikuwa mtoto wa kutii. Akiambiwa anyooshe mkono, hunyoosha na kungoja.

Mkasa wenyewe ulitokea Januari, asubuhi ambayo moshi ulikuwa mzito kiasi cha kutoona upande wa pili wa barabara. Svilen aliingia darasani akikohoa. Alitundika koti lake koridoni pamoja na ya wenzake, na dawa yake ya kuvuta ikabaki mfukoni mwa koti.

Kipindi hakijafika mbali, mvumo ukaanza. Mwalimu Tasheva alisimama mbele yao kwa kitambo, akiwa amekunja uso. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikitoa kifaa chake cha sikio, akakiweka mezani.

"Vumeni," alisema. "Vumeni mpaka mchoke. Mimi nafundisha." Akawageuzia mgongo, akaanza kuandika.

Darasa lilidhani limeshinda. Mvumo ukakua, ukajaa chumba kizima, vioo vya madirisha vikatetemeka. Katikati ya mvumo huo Svilen alinyoosha mkono.

Plamena alimwona. Alimwona akishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa juu. Mabega yake yalipanda na kushuka haraka haraka. Alikuwa akimtazama mwalimu, na mwalimu alikuwa akiutazama ubao. Kisha akageuza macho kwa Plamena. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, ya kijivu, kama ya mtu aliyekaa sana kwenye maji baridi. Plamena alijua kwamba huo haukuwa mchezo. Alijua. Lakini wote walikuwa wanavuma, na aliyeanzisha alikuwa yeye, na kama angeinuka sasa wangemcheka. Akajiambia kwamba yupo mwingine atakayesema. Akaendelea kuvuma.

Aliyesema ni Borimir.

"Jamani, Svilen anakufa," alipiga kelele kutoka nyuma. "Nyie, hamuoni? Anakufa huyu."

Wakacheka. Ni Borimir bwana, mazoea yake. Borimir akarukia juu ya meza, kitabu kikaanguka, na kishindo hicho mwalimu alikihisi kwenye sakafu. Akageuka. Alichokiona ni Borimir juu ya meza. Akamkamata ukosi wa shati.

"Wewe tena," alisema.

"Niache, mwalimu, dawa yake iko nje," Borimir alisema, lakini mwalimu hakusikia kitu. Borimir akajichomoa, shati likachanika, akakimbilia koridoni. Hapo ndipo Svilen alipoteleza kutoka kitini akalala sakafuni, na mvumo ukakatika ghafla, kama umezimwa kwa swichi.

Mwalimu Mkuu, Bwana Minkov, alikuwa akipita koridoni. Alimkuta Borimir akichomoa mkono kwa pupa mfukoni mwa koti la mwenzake, shati lake limechanika, dawa ya Svilen mkononi. Akamnyang'anya, akaingia nayo mbio darasani. Alijitahidi kumvutisha, lakini kifua cha Svilen kilikuwa kimekaza, hakiingizi kitu. Gari la wagonjwa lilikawia kwa sababu ya moshi. Watoto walisimama wamejibana ukutani, wakamtazama mwenzao akibebwa, mkono mmoja ukining'inia nje ya blanketi.

Svilen alipelekwa hospitali ya mji mkubwa, akawekwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Madaktari hawakuahidi kitu.

Mwalimu Tasheva hakuja shule siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Bwana Minkov alilichukua darasa mwenyewe. Aliketi mbele, mikono juu ya meza, akauliza swali moja.

"Nani alificha dawa ya Svilen?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyeificha, lakini kulisema hilo kungefungua mlango wa maswali mengine: Mlikuwa mkifanya nini? Kwa nini hamkumwona? Nani alianza? Kisha mtoto mmoja mbele akageuza shingo kidogo tu, akamtazama Borimir. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Ikatosha.

"Nilikuwa namletea," Borimir alisema. "Waulizeni hawa."

Bwana Minkov akawatazama. Wote waliinamisha vichwa. Plamena naye aliinamisha chake.

Borimir akasimamishwa masomo. Ikasemwa kwamba Ijumaa baraza la walimu lingekaa, na kwamba atahamishiwa shule ya bweni ya watoto watukutu, mbali, upande wa pili wa milima. Majirani walisikia baba yake akimpiga. Kwa darasa, mambo yaligeuka yakawa kimya tupu. Bwana Minkov alifundisha kana kwamba anasoma taarifa, na watoto walinakili bila kuinua uso. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyemwazima mwenzake hata kifutio. Wakati wa mapumziko walisimama mmoja mmoja kando ya kuta, wakikwepana macho, maana kila mmoja aliogopa mwenzake atasema nini. Wale wasichana waliokuwa wakimpa Plamena nafasi ya kukaa sasa walimhama.

"Usikae hapa," mmoja alimwambia. "Sitaki waseme nilikuwa na wewe."

Plamena aliacha kula. Kila alipofumba macho aliiona ile midomo ya kijivu. Jioni ya Alhamisi mama yake alirudi kutoka kiwandani, akavua viatu, akakuta supu ya maharage iko vilevile jikoni.

"Hujagusa hata kijiko," Nedka alisema. "Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi nini? Mimi nimechoka, Plamena. Niambie tu."

Plamena alianza kulia, na katika kulia akasema. Alisimulia kuanzia karatasi ya mtihani, cherehani, mvumo wa kwanza, mpaka mkono wa Svilen uliokuwa hewani. Nedka alimsikiliza, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Huyo Borimir," hatimaye aliuliza, "hakuficha kitu?"

"Yeye ndiye peke yake aliyefanya kitu."

"Na kesho wanamfukuza."

"Ndiyo."

Nedka akavaa tena soksi yake, akavaa viatu. "Chukua koti. Tunakwenda kwa Mwalimu Tasheva. Nitakaa nawe, lakini sitakusemea hata neno moja. Umenielewa?"

Mwalimu Tasheva aliishi ghorofa ya tatu, karibu na soko. Aliwafungulia mlango akiwa na kanzu ya nyumbani, nywele hazijachanwa. Alionekana amezeeka kuliko mwezi uliopita. Aliwapa ndara za wageni, akawakaribisha jikoni, akawamiminia chai ya majani ya mlimani. Plamena hakuigusa. Alisimama, maana alihisi akikaa hataweza, akasema kila kitu kwa sauti ya juu ili mwalimu asikie vizuri. Kusema mambo yale kwa sauti ya juu kulimuumiza zaidi.

Alipomaliza, mwalimu aligeuza kikombe chake, akakigeuza tena.

"Kumbe ulikuwa wewe," alisema. "Mimi niliapa ni Borimir. Kila siku niliapa ni Borimir."

"Nisamehe, mwalimu."

"Keti, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Nisikilize na mimi. Siku ile ya mtihani nilimtaja mama yako mbele ya watu. Mama Plamena, nawe naomba unisamehe, sikuwa na haki. Na hiki kifaa sikutakiwa kukitoa. Mtu aliyekabidhiwa watoto anaziba masikio kwa hasira? Niliweka amri kwamba hata mgonjwa asitoke. Mtoto akanitii. Ameninyooshea mkono, mimi nimempa mgongo." Alifuta mdomo kwa kitambaa. "Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Nilidhani naacha kwa sababu yenu. Ukweli ni kwamba naogopa kurudi mle ndani."

Nedka aliongea kwa mara ya kwanza. "Ukiacha, watabaki na nini? Na huyo wa kufukuzwa atabaki na nani?"

Ijumaa Plamena alisimama mbele ya baraza la walimu. Alimshika mama yake mkono, kisha akauachia. Alisema nani alianza kuvuma. Alisema nani aliona na nani aliinuka. Mwalimu Tasheva alisimama baada yake, akaeleza ya kwake bila kuyapunguza. Mwalimu mmoja alitaka Plamena achukue nafasi ya Borimir kwenye ile shule ya bweni. Bwana Minkov alisema hapana, atapewa onyo, naye na darasa zima watakwenda kwa wazazi wa Svilen kusema walichofanya, ana kwa ana. Na kabla ya hapo, yeye Mwalimu Mkuu mwenyewe atakwenda kwa kina Borimir kumrudisha shule.

Kwenda kwa wazazi wa Svilen kulikuwa jambo gumu kuliko yote. Mama yake aliwasikiliza mlangoni. Hakuwafokea. Alisema tu, "Ametolewa kwenye mashine, anaanza kula kwa kijiko," akafunga mlango.

Mwalimu Tasheva alirudi Jumatatu. Watoto walidhani atakuja na adhabu mpya. Badala yake aliwaambia wasogeze meza, wazipange kwa nusu duara, ili kila mtu aone uso wa kila mtu na yeye awaone wote. Kisha akaketi, si nyuma ya meza yake, bali miongoni mwao.

"Tuanze upya," alisema. "Kwanza, ile amri yangu imekufa. Anayehitaji kutoka anyooshe mkono na atoke, hatatoa maelezo. Pili, nikiwa na neno na mmoja wenu, nitamwita pembeni. Sitamwaibisha mtu tena mbele ya wenzake. Hayo ni yangu. Sasa ninyi niambieni: mnataka nini humu ndani ili muweze kusoma?"

Walitazamana. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwauliza hivyo.

"Mtu akikosea jibu, wasimcheke," alisema msichana mmoja kwa sauti ndogo.

"Na mimi," Borimir alisema, akiwa amerudi siku hiyo hiyo, alama ya kipigo bado iko shavuni, "nikisema kitu, mngoje kwanza kabla ya kusema ni uongo."

Hakuna aliyecheka. Mvulana aliyekuwa wa kwanza kugeuza shingo siku ile akajikuna kisogo, akasema, "Samahani, bwana." Borimir akainua mabega.

Haikuwa rahisi. Wiki hiyo hiyo mmoja alianza kuvuma tena, kwa kujaribu tu. Mwalimu Tasheva alipauka, mkono ukaenda sikioni, kila mtu akauona. Kisha akaushusha, akaweka chaki chini, akangoja bila kupiga kelele. Aliyevuma akajikuta peke yake, wenzake wote wakimtazama, akanyamaza. Baada ya kipindi mwalimu alikaa naye dirishani wakazungumza, na walichozungumza hakikujulikana. Kila asubuhi mwalimu alisimama mlangoni akimsalimia kila mtoto kwa jina. Walimwona wa ajabu mwanzoni, halafu wakaanza kumjibu. Jumatano alibaki na Plamena baada ya masomo, wakarudia hesabu za sehemu tangu mwanzo.

Svilen alirudi siku ya kwanza ya Machi, siku ambayo watu hufungana mkononi nyuzi nyekundu na nyeupe kutakiana afya. Alikuwa amekonda, anatembea polepole, na kupanda ngazi kulimchukua muda mrefu. Watoto walimzunguka kila mmoja na uzi wake. Borimir alimfunga wa kwanza, akakosea fundo, akafunga tena.

Plamena alingoja wote warudi kwenye meza zao. "Svilen," alisema, "nilikuona siku ile. Niliona kwamba unaumwa kweli, na sikusema. Naomba unisamehe."

"Najua uliniona," Svilen alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Nilikuwa nakutazama wewe, kwa sababu ndiwe uliyekuwa karibu."

Plamena alimnyooshea uzi. Svilen aliuangalia, akauchukua, lakini hakuufunga mkononi. Aliutia mfukoni, akaenda kuketi mahali pake.

Mwalimu Tasheva alikuwa ameona. Wengine walipokuwa wakitoa madaftari, alimwita Plamena pembeni, karibu na ramani ya ukutani.

"Usimfuate-fuate," alimwambia kwa upole. "Wewe umekwisha kusema ukweli, na hilo lilikuwa juu yako. Kusamehe ni juu yake, na pengine atachukua mwaka mzima. Utavumilia."

"Na asiponisamehe?"

"Utaendelea kumtendea mema, vilevile. Sikia, Plamena. Mimi nilidhani darasa zuri ni lile ambalo watoto wananiogopa. Ninyi mlidhani raha ni kunitesa. Tukashindana mimi na ninyi, na aliyeumia ni mtoto ambaye hakuwa upande wowote. Nataka ulikumbuke hilo ukiwa mkubwa, popote utakapokuwa na watu. Ukiona mwenzako ana shida, usingoje mwingine aseme. Sema wewe, hata kama wote watakucheka. Na mimi nitahakikisha kwamba humu ndani anayesema anasikilizwa. Hatuwezi kuyafuta ya Januari. Tunaweza tu kuhakikisha hayamfiki mtoto mwingine."

Plamena alitikisa kichwa kukubali, akarudi mahali pake katika ile nusu duara. Nje moshi ulikuwa umeanza kupungua. Mwalimu Tasheva akauliza kama wote wako tayari, akawapitia kwa macho mmoja baada ya mwingine mpaka kila mmoja alipoitikia, ndipo akaanza kufundisha.